Namna ya kupiga picha rasmi za wafanyakazi kwa mwanga wa dirisha

Mwezi uliopita nilimsaidia kijana aliyepata kazi yake ya kwanza ya kulipwa: kupiga picha rasmi za walimu 22 wa shule moja hapa Dar es Salaam, kwa ajili ya tovuti na vitambulisho. Alikuwa na kamera nzuri na flashi mbili za kuazima, lakini swali lake la kwanza kwangu lilihusu programu ya kuhariria, nikaona kwamba anaanzia mwisho. Sehemu kubwa ya picha ya mtu hutengenezwa kabla mwenyewe hajakalia kiti. Ninaandika hapa hatua tulizozifuata, na nachukulia kwamba msomaji anajua kuiendesha kamera yake kwa mkono bila kuitegemea iamue yenyewe.

Hatua ya kwanza: mazungumzo kabla ya bei

Muulize mwenye kazi picha zitatumika wapi, kwa ukubwa gani, watu ni wangapi, na kama kuna picha za zamani ambazo hizi mpya lazima zifanane nazo. Picha ya kitambulisho hukatwa karibu na mabega, ilhali picha ya tovuti mara nyingi huhitaji nafasi pembeni kwa ajili ya maandishi, kwa hiyo usipouliza mapema utalazimika kurudi.

Kisha andika ujumbe mmoja mfupi ambao ofisi itawatumia wahusika wote siku tatu kabla. Waombe wasivae nguo zenye mistari myembamba iliyobanana, kwa sababu kamera huigeuza kuwa mawimbi ya rangi ambayo hayafutiki kwa urahisi. Wanaume wanaonyoa ndevu kwa wembe wanyoe jana yake, si asubuhi ya siku yenyewe, maana vipele vya shingoni huonekana vibichi. Wanawake wanaovaa hijabu waje na ya rangi iliyo tofauti na pazia la nyuma. Ujumbe huohuo ueleze picha zitawekwa wapi, na uambatane na fomu ya ridhaa ya kutia saini. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sipigi picha ya mfanyakazi yeyote bila karatasi hiyo.

Panga dakika saba kwa kila mtu. Walimu 22 ni dakika 154, yaani saa mbili na nusu na ushee, hivyo tulianza saa tatu asubuhi tukamaliza kabla ya saa sita, wakati wanafunzi wakiwa bado darasani.

Hatua ya pili: chumba na dirisha

Kijana alitaka kutumia flashi, nami nikamshauri aziache kwenye begi. Flashi ni chombo kizuri mikononi mwa mtu aliyeizoea, lakini kwa anayeanza, dirisha kubwa lina faida moja isiyo na mshindani: unachokiona kwa macho usoni mwa mtu ndicho kitakachoingia kwenye kamera. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa mchana, nyuma ya mtu kukiwa na kitambaa tu, na mara nyingi mtu mmoja alipata picha moja kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Nyuso katika picha zile zinasimama mpaka leo.

Tafuta dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja. Hapa Dar es Salaam, mwezi wa Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, hivyo dirisha linalotazama kusini huwa tulivu kutwa nzima. Desemba na Januari mambo hugeuka, na la kaskazini ndilo salama. Kama hakuna chaguo, tundika shuka jeupe, jepesi, lisilo na maua, likifunika dirisha lote. Shuka hilo hugeuza dirisha kuwa chanzo kimoja kipana cha mwanga, na upana ndio tunaoutafuta. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa vivuli: mwanga mdogo na mkali huacha nukta nyeupe kwenye paji la uso na pua, lakini mwanga mpana huacha mng'ao laini unaofuata mfupa wa shavu kutoka juu hadi chini.

Kiti kiwe mita moja na nusu hivi kutoka dirishani, kimegeuzwa kidogo kuuelekea mwanga. Upande wa pili wa uso, ule wa kivuli, simamisha karatasi ya manila nyeupe kwenye mgongo wa kiti kingine. Pazia la nyuma liwe kijivu na liwe angalau mita mbili nyuma ya mtu. Sipendi pazia jeusi kwa kazi ya ofisi, kwa sababu nywele nyeusi, hijabu nyeusi na koti jeusi vyote humezwa.

Hatua ya tatu: zima taa

Zima taa zote za chumba, hata kama chumba kitaonekana chenye giza. Mwanga wa taa na mwanga wa dirisha vina rangi tofauti, na ukivichanganya usoni mwa mtu mmoja utapata shavu moja la samawati na jingine la kijani au njano, na hakuna kitufe kimoja kitakachosahihisha yote mawili. Ikibidi kabisa kutumia taa za dari, kumbuka kwamba umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kaa kwenye kasi ya shata ya 1/50 au 1/100, la sivyo picha zitapishana rangi na mwanga bila sababu unayoiona.

Angalia na kuta. Ofisi nyingi zimepakwa rangi ya kijani au krimu, na ukuta wa kijani ulio karibu na kiti hutupa kijani chini ya kidevu. Sogeza kiti, au funika ukuta kwa kitambaa cheupe.

Hatua ya nne: pima mwanga wa uso, si wa nguo

Hii ndiyo hatua iliyonigharimu mwenyewe, na ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Miaka kadhaa iliyopita nilipiga picha za watu 14 katika ofisi moja, nikaiachia kamera ipime mwanga yenyewe. Wa kwanza kukaa alikuwa mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kiua. Baada yake akaja dada mwenye suti nyeusi. Kwenye kioo kidogo cha kamera wote wawili walionekana sawa. Nilipofungua picha usiku kwenye kompyuta, uso wa mzee ulikuwa umezama gizani, macho hayaonekani, na kanzu imekuwa ya kijivu. Uso wa yule dada, ambaye ngozi yake ilikuwa nyeusi kumzidi mzee, ulikuwa umepauka kama uliopakwa majivu. Nilikesha usiku wa kwanza na wa pili nikijaribu kuwafanya watu wale 14 waonekane wamepigwa picha siku moja. Sikufaulu, na niliomba kurudi kuwapiga upya bila malipo.

Sababu yake ni rahisi. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kama kinatazama kanzu au ngozi. Kinachofanya ni kuvuta kila kinachokiona kuelekea kijivu cha wastani. Fremu ikijaa nyeupe, kinaipunguzia mwanga. Ikijaa nyeusi, kinaiongezea. Uso hubebwa na nguo. Na tusisahau kwamba vifaa vya rangi vilikuwa na upande tangu zamani: kwa miaka mingi maabara za picha zilisahihisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi zetu zilikuwa nje ya kipimo hicho. Anayepiga picha za watu weusi leo ana wajibu wa kupima upya kwa mkono wake.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Ninamkalisha msaidizi kwenye kiti na kumpa kadi ya kijivu, ile inayorudisha asilimia 18 ya mwanga, aishike mbele ya uso wake ikitazama kamera. Ninaisogelea mpaka kadi ijaze fremu, ninaweka kamera kwenye mpangilio wa mkono, na ninarekebisha mpaka mshale wa kipimo usimame katikati. Ninapiga picha moja ya kadi hiyo na kuitumia pia kuweka mizani ya weupe, yaani kuijulisha kamera rangi ya mwanga uliopo. Baada ya hapo, namba hazibadiliki kwa sababu ya nguo. Kanzu ikija, namba ni zilezile. Suti nyeusi ikija, namba ni zilezile.

Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi sana ninaongeza theluthi hadi nusu ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili) juu ya kipimo cha kadi, kwa sababu kipimo hicho ni cha kweli lakini skrini nyingi za simu huzika vivuli. Sizidishi hapo, maana kusudi ni kuonyesha macho na mistari ya uso, si kumfanya mtu awe mweupe kuliko alivyo. Baada ya kuongeza, ninawasha onyo la mwanga uliozidi kwenye kamera, lile linalopepesa palipopauka kabisa, na kutazama sehemu mbili: mng'ao wa shavu usipepese, na darizi ya shingo ya kanzu iendelee kuonekana uzi kwa uzi. Darizi ikipotea, usipunguze mwanga wa picha nzima. Mwombe mhusika ageuze mabega mbali kidogo na dirisha huku uso ukibaki unalitazama. Nguo itapoa na uso utabaki.

Kanzu nyeupe hurudisha mwanga chini ya kidevu kama karatasi ya manila, hivyo kwa mvaa kanzu mimi huisogeza manila mbali au kuiondoa. Koti jeusi hunywa mwanga, kwa hiyo manila isogezwe mpaka karibu iingie kwenye fremu. Wingu likipita, pima upya. Hata lisipopita, pima upya baada ya kila watu watano, kwa sababu jicho huzoea mabadiliko na halikwambii. Usiuamini mwangaza wa kioo cha kamera ndani ya chumba chenye giza. Tazama grafu ya mwanga (histogramu).

Kuhusu jasho na mafuta: weka tishu mezani na umwombe kila mtu ajifute paji la uso kwa kugusisha tu, bila kusugua. Poda iepuke, isipokuwa mhusika amekuja na yake inayofanana na ngozi yake.

Hatua ya tano: namba na lenzi

Lenzi ya milimita 85, au ya milimita 50 kwa kamera yenye kihisi kidogo. Ukitumia lenzi pana utalazimika kumsogelea mtu, na pua yake itakua. Tundu f/4, kasi 1/160, ISO ipande inavyohitajika. Wengi hupenda f/1.8, lakini kwa kazi ya ofisi mimi siitaki, kwa sababu jicho moja hutoka kali na jingine ukungu. Lenga jicho lililo karibu na kamera, na uhifadhi faili ghafi (RAW).

Hatua ya sita: kumkalisha mtu

Watu wengi hawapendi kupigwa picha, na huja wamekaza mabega. Anza kwa salamu kamili kama ambavyo ungemwamkia mtu nyumbani kwake. Kijana wangu alianza kwa kuamuru: "Kidevu chini. Geuka." Mwalimu mmoja wa makamo akanyamaza kabisa, na unyamavu huo ukaingia kwenye picha. Nilimshauri amwamkie upya, akasema, "Shikamoo, mwalimu. Naomba ushushe kidevu kidogo, mwanga ukae vizuri machoni." Akaitikia "Marahaba, mwanangu," mabega yakashuka yenyewe.

Usimguse mtu kola wala hijabu. Mwombe arekebishe mwenyewe mbele ya kioo cha ukutani, na kwa wanawake ni vyema kuwe na msaidizi wa kike. Simu itoke mfukoni. Kwa mwenye miwani, inua kidogo mikono ya miwani juu ya masikio ili vioo viiname mbele, na mng'ao wa dirisha utashuka nje ya macho.

Hatua ya saba: kupiga

Picha kumi kwa kila mtu zinatosha. Mwonyeshe mbili bora, umwache achague.

Hatua ya nane: kuhariri

Sahihisha mtu mmoja kikamilifu, kisha nakili marekebisho kwa wote. Kama ulipima vizuri, kitakachobaki ni kukata fremu. Chunusi ya wiki hii ifutwe, kovu na alama ya kuzaliwa viachwe mpaka mwenyewe aombe. Sitaki kabisa vichujio vya kulainisha na kung'arisha ngozi vilivyojaa kwenye simu: vinamwondolea mtu rangi yake, na mwenzake wa ofisini ataliona hilo kabla ya mwingine yeyote.

Hatua ya tisa: kukabidhi

Ipe kila faili jina la mhusika, si namba ya kamera. Usitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida kwa sababu hubanwa na kupoteza ubora; zitume kama dokumenti, au peleka flashi ya kompyuta mkononi. Weka nakala sehemu mbili tofauti kabla ya kufuta kadi ya kamera, na uombe ofisi ithibitishe kwa maandishi kwamba imezifungua zote. Walimu wale walikuwa 22, na faili zilizofunguka mara ya kwanza zilikuwa 21.