Namna ya kujua kama godoro la sita kwa sita litaenea chumbani

Tulimnunulia mama godoro la sita kwa sita. Likaingia, lakini mlango ukawa unafunguka nusu, na yeye mwenye magoti mabovu akawa anapita ubavu ubavu. Iliniuma sana. Tangu hapo napima hivi kabla ya kutoa pesa.

1. Pima chumba kwa ndani, ukuta hadi ukuta. Usitegemee maneno ya "kumi kwa kumi". Wengine huhesabu na unene wa kuta, ukipima unakuta tisa na kitu.

2. Hesabu kitanda, siyo godoro. Godoro ni futi 6, yaani sentimita 183 kila upande. Mbao za pembeni na ubao wa kichwani huongeza inchi kadhaa. Mimi naweka futi 6 na nusu.

3. Fungua mlango mpaka mwisho, uchore kwa chaki pale ncha yake inapopita. Ndani ya mchoro huo hakikai kitu. Milango ya kabati nayo vivyo hivyo. Hapa ndipo wengi tunapokosea.

4. Chora kitanda sakafuni, kisha pita pembeni yake umebeba ndoo. Njia ikiwa chini ya futi 2, mimi sinunui.

Chumba cha futi 10 kamili kinabakiza futi 3 na nusu. Kitanda kikiegemea ukuta, unapata njia moja nzuri. Kikikaa katikati, kila upande unabaki na futi 1 na inchi 9, na kutandika itakuwa kazi.

Maswali

*Langu ni la springi na korido ina kona. Litapita?*

La sponji unalikunja na kulifunga kamba. La springi usilikunje, springi zitapinda. Lisimamishe kwa ubavu. Kabla ya hapo, chukua ufito wa futi 6, uushike ukiwa sambamba na sakafu, upite nao konani. Ufito ukikwama, godoro halipiti. Ukipita kwa shida, kumbuka godoro lina unene wa inchi 8 au 10, ufito hauna.

*Dada, chumba changu kwa ndani ni tisa kwa nane, na nina mtoto mchanga. Nichukue sita kwa sita?*

Hapana mpenzi, chukua tano kwa sita. Upana wa futi 5 uuelekeze kwenye ile nane. Ukitoa na mbao utabaki na njia ya kama futi 2 na nusu, ya kupita usiku ukiwa umembeba mtoto.