Mbwa Anajikuna? Nambie Kwanza Anajikuna Wapi

Mtu akiingia dukani kwangu hapa Newala akasema, "Dada, nipe dawa ya upele wa mbwa," sinyanyui mkono kwenye rafu. Namuuliza: anajikuna wapi? Masikioni, kiunoni, tumboni, au anatafuna nyayo? Wengi hawana jibu. Mbwa yuko shamba, anafukuza ngedere na nguruwe pori, analala chini ya mkorosho. Tena huku Kusini walio wengi ni Waislamu, mate ya mbwa ni najisi, hivyo mwenye mbwa humtazama kwa mbali. Siku anayogundua kuna tatizo, mgongo umeshakuwa mweupe kama ukuta uliobanduka chokaa. Simlaumu mtu kwa hilo. Lakini glovu zinauzwa, kijiti cha kufunulia manyoya kinaokotwa popote, na jua la saa nne linatosha. Kagua kwanza, dawa baadaye.

Mimi nina stashahada ya afya ya mifugo. Watu wananiita dokta, sikatai, ila daktari wa mifugo ni mtu mwingine, na humu ndani nitakuelekeza kwake mara kadhaa.

Kabla hujamgusa, mtazame tabia. Mbwa aliyebadilika ghafla, anayetoa mate, sauti imebadilika, au anajitafuna sehemu moja kama hasikii maumivu, huyo usimkague hata kidogo. Kichaa cha mbwa kinaweza kuanza kwa muwasho pale alipong'atwa. Jitenge naye na umpigie afisa mifugo wa kata. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Ikiwa ni mbwa wako wa siku zote na amechanjwa, mfunge mdomo kwa kipande cha kanga kuukuu, fundo lije nyuma ya masikio. Asiwe anahema kwa joto wakati huo, maana mbwa hupoa kwa kuhema.

Sasa anzia mkiani.

Mbwa anayejitafuna kiunoni na kwenye shina la mkia, manyoya ya hapo yakapungua, karibu kila mara ana viroboto. Huenda usimwone hata mmoja. Mchane juu ya karatasi nyeupe, kisha nyunyizia matone ya maji kwenye chembe nyeusi zitakazodondoka. Zikiacha rangi ya kahawia nyekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu. Wapo mbwa ambao mate ya viroboto huwadhuru zaidi kuliko wenzao, kwa hiyo kuumwa mara chache tu kunawatosha kunyonyoka. Watu hukosea hapa kwa kutibu mbwa na kuacha malazi yake. Sehemu kubwa ya mayai, mabuu na viroboto wachanga haiko mwilini, iko kwenye gunia la korosho alilotandikiwa tangu msimu uliopita. Lichome hilo gunia. Fagia pembe zote, anika mkeka juani, na siku hiyohiyo watibu mbwa wote wa hapo nyumbani na paka pia, ila paka wawe na dawa yao. Dawa nyingi za mbwa zenye pemethrini humuua paka. Rudia baada ya wiki mbili kwa sababu walio ndani ya vifuko vyao dawa haiwapati. Mpe na dawa ya minyoo, kwani kiroboto akimezwa huacha tegu tumboni.

Kupe utawakuta ndani ya masikio, shingoni na katikati ya vidole. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumminya tumbo. Mafuta ya taa na kiberiti viache jikoni. Kupe wa kahawia wa mbwa hupanda kuta na kujificha kwenye nyufa, kwa hiyo kibanda cha udongo kikandikwe upya au kipuliziwe dawa, la sivyo unachota bahari kwa kijiko. Na ukiona fizi zimekuwa nyeupe, mbwa hana nguvu, au damu inatoka puani, achana na ngozi. Hiyo ni homa inayoletwa na kupe na inataka daktari.

Ncha za masikio zikiwa na magaga meusi ya damu na nzi wamejaa, ni nzi wanaouma. Safisha, paka mafuta ya mgando au dawa ya kufukuza nzi, ondoa kinyesi na mabaki ya chakula pale anapolala. Hapo huna haja ya sindano.

Nyayo zenye kidoti cheusi katikati ya uvimbe mweupe ni tekenya. Jipu lenye kitundu kinachopumua, hasa tumboni au ubavuni kwa mbwa anayelala kwenye mchanga wenye unyevu, ndani mna buu la nzi. Ziba kitundu kwa mafuta ya mgando, subiri likose hewa lijitokeze, kisha lisukume taratibu kwa vidole pande mbili. Likipasukia ndani, jipu litakuwa jipu kweli.

Upele wenyewe

Huu ndio unaoleta watu wengi dukani, na ni wa aina mbili zisizofanana. Zote zinatokana na wadudu wadogo mno, si utitiri wa kuku unaoonekana kwa macho.

Aina ya kwanza huchimba ngozi. Unaanzia kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumbo. Mbwa hajikuni kwa starehe, anajikuna mpaka analia, haachi usiku wala mchana, na ngozi inakuwa nene yenye magamba. Jaribu hivi: shika ukingo wa sikio ukiwa na glovu, usugue kwa vidole viwili. Mguu wa nyuma ukianza kupiga hewani kama anajikuna, dalili hiyo ina uzito. Nyingine ni nyumba yako: watoto wakiwa na vipele vinavyowasha mikononi na kiunoni, huenda mbwa ndiye chanzo. Kwa binadamu wadudu hao wa mbwa hawadumu, huisha mbwa akitibiwa. Visipoisha, nendeni zahanati, msije mkawa na upele wenu wenyewe.

Aina ya pili hukaa kwenye mashina ya manyoya. Humpata zaidi mbwa mchanga: madoa yasiyo na manyoya kuzunguka macho, mdomoni, miguu ya mbele. Mwanzoni hauwashi. Hauambukizi watu, wala mbwa wengine wakubwa. Doa moja au mawili kwa mtoto wa mbwa mara nyingi huondoka lenyewe akishiba na kupewa dawa ya minyoo. Ukienea mwili mzima ukawa na usaha, huo ni mzito na tiba yake ni ya miezi.

Choa ni jambo jingine tena. Ni duara, manyoya yamekatika kama yamenyolewa, ukingo una magamba. Ni ukungu, unaambukiza watoto, na dawa ya wadudu haiugusi. Humo ndimo watu huleta krimu za dukani za kung'arisha uso. Nyingi za krimu hizo zina dawa ya jamii ya steroidi. Muwasho hutulia siku tatu, mwenye mbwa anafurahi, na chini yake choa na upele vinanawiri. Nikimsikia mtu anasema "nilimpaka ile ya mama watoto, akapata nafuu, kisha ikarudi kwa kasi," sihitaji kuuliza zaidi.

Vya kwetu vya msimu

Kuanzia Mei au Juni mikorosho ikianza kutoa maua, salfa ya unga inapulizwa kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho, na mbwa wa shamba anageuka wa manjano. Salfa huwasha macho na ngozi, hasa kwapani na kinenani ambako manyoya ni machache na unyevu wa umande unaigandisha. Dalili ni wekundu tu, hakuna magamba, na umetokea ndani ya siku za kupuliza. Mfute kwa kitambaa kikavu kwanza, kisha chenye maji na sabuni isiyo kali, macho yaoshe kwa maji safi. Najua maji ya hapa juu uwandani yananunuliwa kwa ndoo. Ndoo moja na kitambaa vinatosha. Bora zaidi mfunge nyumbani mpaka vumbi litue. Dawa za maji zinazopuliziwa mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi, ni hatari zaidi: mbwa akitoa mate na kutetemeka baada ya kupita huko, hiyo ni sumu, mkimbize kwa mtaalamu na chupa mkononi.

Wakati wa kubangua, mbwa hupenda kulala kwenye rundo la maganda yenye joto. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi ya mbwa kama yanavyounguza vidole vya mama anayebangua. Maji matupu hayayatoi. Paka mafuta ya kula kidogo yalegee, kisha osha kwa sabuni.

Upupu unaujua. Mbwa aliyetoka porini anajibwaga na kujiviringisha kama kapagawa, hana doa wala gamba. Usimsugue, vinyweleo vitazama. Mpake tope, likauke, lipukutishe, ndipo umsuuze. Na wewe vaa mikono mirefu.

Kuhusu oili chafu

Kila kijiji kina fundi wake: salfa ya mikorosho ikorogwe na oili iliyotolewa kwenye pikipiki, mbwa apakwe mwili mzima. Sitakudanganya kwamba salfa si dawa. Salfa imetibu upele wa watu na wanyama tangu zamani, na bado kuna dawa zake za kuogeshea zilizotengenezwa kwa kipimo. Ndiyo maana wapo waliopona na ndiyo maana uvumi haufi. Lakini ile oili ina masalia ya metali na kemikali za injini, mbwa anajilamba yote, ngozi inaungua, na mbwa mdogo anaweza kufa kwa sumu huku ukidhani ni upele uliomshinda. Mteja wangu mmoja mbwa wake anaitwa Watasema. Alivyokuja amepakwa hiyo oili toka pua mpaka mkia, kweli walisema.

Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na kupozwa yafaa kuoshea ngozi inayowasha kidogo, ila usiyategemee peke yake kwa upele uliokomaa.

Dawa na kipimo

Kwa upele wa kuchimba kuna njia mbili za kawaida huku kwetu. Moja ni amitrazi, ile ya kuogeshea ng'ombe. Yenye nguvu ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Chota kwa bomba la sindano, si kifuniko cha chupa. Mloweshe mpaka kwenye ngozi, usimsuuze, akauke kivulini kwenye hewa, asijilambe akiwa na unyevu. Macho yalindwe. Mbwa atasinzia kiasi, akizidi kulegea muite mtaalamu. Usimpe mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi minne, wala jike mwenye mimba au anayenyonyesha. Mtu mwenye kisukari asiishike dawa hiyo.

Nyingine ni sindano ya ivamektini, na hapa ndipo naomba uniachie mimi au daktari. Chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 imeandikwa mililita 1 kwa kilo 50. Mbwa wetu wengi wana kilo 10 hadi 20. Vijana huvuta bomba zima "ili aponee hapohapo," na mbwa anapofuka au anazimia. Mbwa wa kizungu wa kuchunga kondoo, na machotara wao, hata dozi ndogo inaweza kuwaua. Kwa hiyo lazima tujue kilo. Simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, toa. Mizani ya korosho ya chama cha msingi usiikaribie na mbwa, karani atakufukuza na ana haki.

Vidonda vilivyotoa usaha kwa kujikuna vioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Spiriti inachoma tu. Antibiotiki zako zilizobaki kabatini zibaki huko.

Dawa yoyote ya upele hurudiwa baada ya wiki mbili au kama ulivyoelekezwa, kwa kuwa mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Tarehe naiandika juu ya boksi kwa kalamu nene. Muwasho unapaswa kupungua ndani ya wiki moja au mbili, manyoya huchukua zaidi ya mwezi. Ikifika mwezi na bado anajikuna vilevile, basi tumekosea ugonjwa, na kuongeza dawa ni kupoteza hela. Hapo inatakiwa ngozi ikwanguliwe kwa wembe mpaka itoe damu kidogo, itazamwe kwa hadubini. Afisa mifugo anaweza kuichukua sampuli, na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, ana kituo Mtwara mjini. Usimpake kitu siku hizo kabla ya kukwanguliwa, na nenda na maboksi ya dawa zote ulizokwisha kumpa, pamoja na zile unazoona aibu kuzitaja.