SOMO: Tela inakula tairi upande mmoja? Usinunue tairi, pima kwanza springi na chesisi

Wakuu salaam. Wiki hii peke yake nimepigiwa simu mara sita, swali ni lilelile, "fundi tela inamaliza tairi upande mmoja, ninunue tairi gani?" Watatu kati ya hao walishabadilisha zote nne na mpya nazo zimeanza kulika. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii. Mimi nachomelea na kutengeneza matela hapa Kizota, Dodoma, nyingi ni za kulala, za wachimba visima, za watu wa asali wanaokwenda Manyoni na Itigi, na chache za wageni wanaopita wamekokota nyumba yao nyuma ya gari. Mwenye tela ya kubebea alizeti au simtanki asome pia, springi ni zilezile.

Hatua ya 1. Jaza upepo kama ilivyoandikwa kwenye tairi, egesha kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Mzigo unaosafiri nao kila siku uache humohumo.

Hatua ya 2. Soma tairi kabla hujashika spana. Imelika katikati tu, upepo ulikuwa mwingi. Imelika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Imelika mabakabaka, angalia beringi au balansi. Ukingo wa ndani umeisha kwenye tairi zote mbili za ekseli moja, hapo ekseli imezidiwa uzito: ekseli nyingi za tela, zile za bomba, zinatoka kiwandani zimeinuka kidogo katikati, ukizipakia kupita uwezo zinabonyea na magurudumu yanainamia ndani kwa juu. Halafu pitisha kiganja juu ya tairi, kwenda na kurudi. Ikiwa upande mmoja laini na ukirudi inakwaruza kama meno ya msumeno, gurudumu haliangalii mbele sawasawa, linaburuzwa.

Hatua ya 3. Beringi. Inua gurudumu, shika juu na chini, tikisa, zungusha usikilize. Jeki ikae chini ya chesisi karibu na hanga (kile chuma kilichochomewa kwenye chesisi kushikilia springi), weka na stendi. Usiweke jeki katikati ya ekseli ya bomba hata siku moja, unaweza kuipinda wewe mwenyewe.

Hatua ya 4. Springi. Angalia jani lililokatika, mara nyingi linakatikia pale chini ya yubolti (bolti ya umbo la U inayobana springi na ekseli) ambapo vumbi limeganda, kwa hiyo piga brashi ya waya kwanza. Angalia matundu ya hanga na ya vile vibao vinavyoning'iniza springi, yakiwa yamekuwa marefu kama yai bushi (kile kibomba cha ndani kinachopitiwa na bolti) imekwisha zamani na bolti inakula chuma. Kwenye tela ya ekseli mbili angalia na kile chuma cha katikati kinachogawa uzito kati ya springi mbili, kikiegemea upande mmoja bushi yake imekwisha. Kisha chungulia pale ekseli inapokalia springi. Ukiona mstari mwembamba wa chuma kinachong'aa pembeni mwa bamba, wakati kwingine kote ni kutu na vumbi, ekseli imehama. Karibu kila mara senta bolti (ile inayoshika majani ya springi katikati) imekatika na yubolti zimelegea.

Hatua ya 5. KUPIMA. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa niliharibu kazi ya mtu.

Tela ilikuwa ya wachimba visima, ekseli mbili, inakula tairi za kushoto. Nikaiinua kwenye stendi, springi zinaning'inia, nikapima kutoka kona ya mbele ya chesisi mpaka kwenye ekseli, kulia na kushoto. Tofauti ikaja milimita 11. Nikakata hanga, nikasogeza, nikachomea, ikatoka imenyooka kwa macho. Walipofika Manyoni tairi za KULIA zilikuwa zimeshaanza kulika. Makosa yalikuwa mawili. Kwanza, springi ikining'inia ekseli inachezea kwenye bushi na inakaa popote, kile ulichopima sicho kinachotembea barabarani. Pili, ile chesisi iliwahi kugongwa mbele, kona yenyewe haikuwa sawa, kwa hiyo nilinyoosha ekseli kufuata kitu kilichopinda. Niliwafanyia upya kwa gharama yangu na tairi mbili nikanunua mimi.

Sasa fanya hivi. Tela iwe imekaa chini kwa magurudumu na mzigo wake, isukume mbele kama mita mbili taratibu ili tairi zijiachie, usirudishe nyuma. Shusha timazi kutoka katikati kabisa ya kichwa cha kuvutia, pale kinapokalia juu ya kile kitufe cha chuma cha mviringo nyuma ya gari, weka alama ya chaki sakafuni. Toa vifuniko vya haba (vitovu vya magurudumu) za ekseli ya mbele, funga kipande cha bomba katikati ya haba kitokeze nje ya tairi kama sentimita 15, urefu uleule pande zote, shusha timazi kwenye ncha, weka alama. Pima kutoka alama ya mbele mpaka kila alama ya pembeni kwa futi ya chuma, ile ya kitambaa ya fundi cherehani inavutika. Kulia na kushoto visipishane zaidi ya milimita 3. Kisha ekseli mpaka ekseli, upande wa kulia na wa kushoto, visipishane zaidi ya milimita moja na nusu. Pima mara tatu, andika sakafuni. TAHADHARI: tofauti ikionekana USIKATE chochote mpaka umebadilisha bushi zilizokwisha na senta bolti iliyokatika kisha umepima tena. Nusu ya kazi ninazopokea zinaishia hapo bila moto wowote.

Hatua ya 6. Nyufa. Tafuta pale mikono miwili ya mbele inapokutana na chesisi, na nyuma ya kila hanga. Dalili ni mstari wa kutu nyekundu unaovuja kwenye rangi. Ukiwa na shaka pakwangue, paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi, futa mpaka pakauke, halafu paka unga wa chaki. Kama kuna ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki, utauona wote mpaka ulipoishia.

Hatua ya 7. Kuchomea. Toboa tundu dogo la milimita 6 pale ufa ulipoishia, la sivyo utaendelea mbele ya weldi yako. Bamba la kuongezea nguvu lichongwe ncha kama mkuki, usichomee mstari unaokatisha chini ya chesisi, utapata ufa mpya palepale. Chomoa waya wa gari, toa betri, toa mtungi wa gesi, na mtu akae ndani na ndoo ya maji kwani sakafu ya mbao inashika moto kimyakimya.

MASWALI

Mdau wa Gairo: Fundi bei gani? Yangu inakula tairi.

Jibu: Hatua ya 2. Imelika wapi?

Mdau wa Gairo: Pembeni.

Jibu: Pembeni ndani au nje, ekseli ipi, tairi moja au mbili? Piga picha, bila hivyo sina cha kukujibu kaka.

Mdau wa Bahi: Mzee wangu amepima matela kwa macho miaka ishirini na yanatembea. Haya mambo ya milimita ni kutafutia watu gharama.

Jibu: Namheshimu mzee. Ila milimita 5 kwenye ekseli hazionekani kwa macho, za kwangu 11 sikuziona. Futi, timazi na chaki ni gharama gani?

Dada wa Kondoa: Shikamoo fundi. Naomba kuelewa, kwa nini unasema isukumwe mbele isirudishwe nyuma?

Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana hilo. Ukirudisha nyuma ekseli inasukuma bushi upande wa pili, nafasi yote iliyolika inahamia huko, sasa wewe unapima tela inayorudi nyuma wakati barabarani inakwenda mbele. Na ukitaka kujua bushi zako zimelika kiasi gani, pima mbele, irudishe nyuma nusu mita, pima tena. Vipimo vikibadilika bushi zinacheza, na umejua bila kufungua nati hata moja.

Dada wa Kondoa: Nimefanya jioni hii na kaka yangu. Kulia imebadilika milimita 4, kushoto haikubadilika.

Jibu: Basi fungua kulia tu, anza na bushi ya mbele ya springi. Tupe majibu.

Mdau wa Chamwino: Nikiongeza jani moja la springi si inamaliza tatizo?

Jibu: Hapana mkuu. Springi ikiwa ngumu zaidi, kile kishindo ilichokuwa inakimeza kinapanda kwenye hanga na chesisi, nyufa zitaanza huko. Na ekseli uwezo wake ni uleule. Punguza mzigo, anza na maji kama unabeba, tanki la lita 200 ni kilo 200.

Mama wa Mpwapwa: Mimi naendesha na tela njia ya milimani, nati za yubolti zilikuwa zinanisumbua. Sasa nachora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati mpaka kwenye bamba. Mstari ukipishana najua imelegea.

Jibu: Mama asante, hii naichukua. Wadau, yubolti mpya lazima zikazwe tena baada ya safari fupi ya kwanza, ukitoka Dodoma kwenda Morogoro simama Kibaigwa ukaze.

Dada wa Kondoa: Mama, vumbi la huku halifichi huo mstari?

Mama wa Mpwapwa: Linafunika mwanangu, lakini nafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na rangi haitoki. Chukua nyekundu, nyeupe inageuka rangi ya udongo.