Kutunga na kuongoza wimbo wa okestra kwa wapigaji wa taarab

Kabla hujafungua programu ya kuandikia noti, kaa na shairi. Mshororo wa mizani 16 hugawika vipande viwili vya mizani 8. Usome kwa sauti ya mazungumzo, usiimbe, usikilize uzito unaangukia wapi. Mfano: "Bahari imetulia, na mimi sijatulia." Katika vipande vyote viwili uzito umo kwenye mizani ya 2 na ya 7. Ukiiweka mizani ya 1 kwenye pigo la nguvu na kugawa muda sawasawa, mwimbaji atalazimika kutamka "BAhari", na msikilizaji wa Mjini au wa Wete atajua mara moja kuwa maneno yamebanwa.

Dawa yake ni hii. Tuchukue kipimo (fungu la mapigo) cha mapigo manne. "Ba" iwe nusu pigo kabla ya kipimo kuanza. "Ha-ri-i-me" zichukue nusu pigo kila moja, "ha" ikiwa pigo la kwanza. "Tu" ivutwe mapigo mawili, ili "li" iangukie pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Fanya hesabu hiyo kwa kila mshororo, kwani ubeti wa pili mara nyingi hauangukii pale ulipoangukia wa kwanza, na sauti uliyotia itahitaji kurekebishwa kidogo.

Kisha chagua maqamu, yaani ngazi ya sauti za muziki wa Kiarabu, kama rast, bayati, nahawand au hijaz, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Rast ya kuanzia do ina mi na si zilizoshushwa robo toni. Fidla, chelo, udi na nai (filimbi ya mwanzi) zinaweza kuzitoa. Kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, inazitoa kwa vibati vidogo vya chuma vinavyobadili urefu wa uzi. Akodiani ya kawaida haiwezi. Ukiipa akodiani mi ya kawaida huku fidla zikipiga mi ya rast, sauti hizo mbili zitagombana na mwimbaji atapotea katikati. Basi katika rast ipe akodiani do, re, fa, sol na la, au iache inyamaze. Katika bayati ya kuanzia re, iepushe na mi. Nahawand haina shida hiyo, na ndiyo tunayomshauri mtunzi anayeanza aitumie kwa kazi yake ya kwanza ya ala nyingi.

Mpiga kanuni anahitaji muda wa kugeuza vibati. Ukihama kutoka rast kwenda hijaz katikati ya wimbo, mwachie vipimo viwili asivyopiga.

Zanzibar utakutana na wapigaji waliolelewa kwenye vilabu kama Nadi Ikhwan Safaa (1905) na Culture Musical Club (1958), na wengine waliopitia Dhow Countries Music Academy. Usidhani wote wanasoma noti, wala usidhani asiyesoma ni dhaifu. Mara nyingi yeye ndiye anayeijua rast vizuri kuliko mwenye karatasi. Kwa hiyo tayarisha vitu viwili: karatasi kwa wanaosoma, na rikodi ya simu ya kila sehemu, polepole halafu kwa mwendo wake, ipelekwe angalau wiki moja kabla ya mazoezi.

Kwenye karatasi, tia namba kwenye kila kipimo na herufi kubwa kila sehemu mpya inapoanza. Mpigaji akinyamaza zaidi ya vipimo 8, mwandikie kwa noti ndogo anachopiga mwenzake kabla yeye hajaingia. Ukurasa ugeuzwe pale ambapo mikono yake ni mitupu.

Zoezi la kwanza lisiwe na mwimbaji. Anza na kipande kigumu kuliko vyote wakati watu hawajachoka. Mpiga udi apige mshororo mmoja peke yake, fidla zimuigize, kisha chelo na besi. Wapiga fidla waliozoea piano hupandisha mi ya rast hadi ya kawaida bila ya kujua. Kuwaeleza kwa maneno hakusaidii sana, kuwasikilizisha kunasaidia. Wote wajilinganishe na kanuni, kwa sababu ala yenye vibati haiwezi kuteleza, na wenye vidole wanaweza kuifuata.

Ukifungua onyesho kwa samai, kipande cha ala tupu chenye mapigo 10 kwa kila kipimo, usioneshe kwa mkono mapigo yote 10 moja moja. Mkono utakimbia na mwenye dumbaki (ngoma ya mkono) hatakuona. Gawa 3+2+2+3, mkono uende mara nne tu: mrefu, mfupi, mfupi, mrefu. Wimbo ukifika pale mwimbaji anaporefusha sauti yake peke yake, acha kuonesha mapigo kabisa. Chelo na besi zishike noti moja, nawe mtazame pumzi. Kubalianeni mapema ishara ya kurudi, mathalan mkono wa kushoto kuinuliwa, na mwenye dumbaki awe wa kwanza kuiona.

Unyevunyevu wa pwani ni adui, khasa wakati wa masika. Miguu ya daraja la kanuni imekalia ngozi. Ngozi ikinyonya unyevu hulegea, na sauti inashuka. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, kila noti nyuzi tatu, kwa hiyo mpigaji afike saa nzima kabla na ala ipoe au ipate joto la pale pale itakapopigwa. Ukipiga Ngome Kongwe, Mji Mkongwe wa Unguja, jua kuwa uwanja wake hauna paa, na upepo wa baharini hubeba karatasi: chukua vibanio vya nguo vinne kwa kila stendi, na taa za betri umeme ukikatika. Panga kuanza baada ya sala ya Isha.

Kabla ya onyesho, andikianeni na mshairi nani mwenye maneno, nani mwenye sauti ya wimbo, nani aliyepangia ala, na mgao wa kila mmoja, kisha sajilini kazi COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Onyesho likimalizika, kusanya karatasi zote kabla wapigaji hawajatawanyika. Alama zao za penseli zinaonesha vipimo gani vimewasumbua, na hivyo ndivyo vya kuandikwa upya.