Kabla hujafunga safari ya kuvua stilihedi mito ya Skeena

Stilihedi ni trauti anayezaliwa mtoni, akaenda kukulia baharini, kisha akarudi mtoni kutaga. Akirudi hana haja kubwa ya kula, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuahidi kwamba atagusa nzi wako bandia, yaani chambo cha manyoya kilichofungwa kwenye ndoano. Ukienda kumvua kwenye mto Skeena na mito inayouingia, kaskazini mwa jimbo la British Columbia, Kanada, jiandae kurusha mshipi siku nzima bila kuguswa. Kama hilo litakukera, tafuta samaki mwingine.

Ya wazi nayamaliza haraka. Mkanda wa kiunoni juu ya suruali ya kuingilia majini: ukaze, ndio unaozuia maji kujaa miguuni ukianguka. Fimbo ya kuegemea. Ndoano moja isiyo na kijino, kile kincha kinachoizuia kuchomoka, ndiyo sheria. Stilihedi wa porini anaachiwa, basi usimburute kwenye mawe kwa ajili ya picha. Nguo kavu zikae garini.

Mto wenyewe ndio unaoliza watu. Wenzangu wawili walilipia malazi na leseni za mto Bulkley, wakapanga kuvua chini ya kijiji cha Telkwa. Fahamu kwamba mito mashuhuri ya huko ina leseni yake ya ziada, na mtu asiye mkazi wa Kanada huinunua kwa mto fulani na kwa tarehe fulani. Usiku mvua ikapiga milimani. Walipolala wao hawakusikia hata tone, lakini asubuhi Bulkley ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mto Telkwa, unaoingia Bulkley hapo kijijini, ndio ulioshusha tope hilo. Wakakimbilia mto mwingine, Kispiox, wakanunua leseni nyingine, wakakuta hali mbaya zaidi, maana Kispiox hujaa upesi mvua ikinyesha. Na muda wote huo, juu ya makutano na Telkwa, Bulkley ileile waliyokuwa na leseni yake ilikuwa inavulika! Hakuna aliyekuwa ametazama ramani.

Kwa hiyo itazame wewe, kabla ya kulipa senti. Weka alama kila kijito kinachoingia mtoni kwako na ujue ni kipi huleta tope. Mito ya Babine na Morice hutoka maziwani, na ziwa hutuliza tope, basi mmojawapo uwe akiba yako. Vipimo vya maji vya serikali ya Kanada viko mtandaoni. Usiangalie namba ya leo peke yake, angalia kama mto unapanda au unashuka. Unaoshuka na kutakata ndio wa kukimbilia.

Kanuni nazo zisome upya kabla ya kuondoka. Oktoba 2021 uvuvi wa stilihedi bonde la Skeena ulifungwa msimu ukiendelea, kwa sababu samaki waliorudi walikuwa wachache mno. Tiketi isiyorudishwa fedha iogope. Mwachie mtu ratiba yako, simu hazishiki sehemu nyingi. Usivuke peke yako maji usiyoona chini yake. Dubu nao wanafuata samaki haohao, kwa hiyo piga kelele unapopita vichakani.