Kabla ya kuiaga ifconfig kwenye seva zako

Ukiwa na seva moja ya Linux hapa Kirumba, Mwanza, na nyingine ng'ambo ya maji, Nansio, kosa dogo la mtandao linageuka safari. SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, ikikatika, lazima mtu apande meli kwenda Ukerewe, na siku imekwisha. Kwa hiyo kazi ya kuondoa net-tools, ile pakeji ya amri za zamani za mtandao yenye ifconfig, route, arp na netstat, haifai kuanza na amri ya kufuta.

Kwamba ziondoke, mimi sina ubishi. Debian iliacha kuziweka kwenye usakinishaji mpya tangu toleo la 9, mwaka 2017. Tatizo lake kubwa ni kwamba zinakuonyesha nusu ya hali. Ongeza anwani ya pili ya IP kwa amri ya ip bila kuipa lebo, kisha andika ifconfig: haitaonekana. Fundi ataapa kwamba anwani haipo, kumbe wateja wanaitumia muda huohuo.

Mbadala wake ni iproute2, pakeji yenye amri za ip na ss, na huenda tayari unayo. Badala ya ifconfig ni ip addr, route ni ip route, arp ni ip neigh, na netstat -tulpn ni ss -tulpn, herufi zilezile. Vidole vitazoea ndani ya wiki. Zitumie kila siku wakati za zamani bado zipo.

Skripti ndizo za kuhofia, kwa sababu hazilalamiki. Pita kwenye /etc, /usr/local, /opt na crontab (orodha za kazi zinazojiendesha kwa ratiba) za watumiaji wote kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, ukitafuta majina yote manne. Neno route litakuletea mistari mingi isiyohusika. Ivumilie, isome yote. Angalia hasa skripti zinazokata maandishi ya ifconfig kwa kutafuta "inet addr:". Matoleo mapya ya ifconfig yenyewe hayaandiki tena hivyo, yanaandika "inet" tu, kwa hiyo skripti kama hiyo inaweza kuwa imeshakufa kimya kimya na inarudisha utupu. Ukiandika upya, tumia ip -j, inayotoa JSON, muundo wa data ambao programu husoma kwa urahisi, usianze tena kuhesabu nafasi kati ya maneno.

Kisha fungua /etc/network/interfaces, faili linalopanga mtandao seva inapowaka, ulisome kwa macho yako mwenyewe. Hapa ndipo nilipoumia. Kulikuwa na mstari mmoja unaoanza na "up route add", ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka kazini. Niliondoa net-tools, kila kitu kikaendelea vizuri, nikafunga kazi. Njia ya mtandao ilikuwa bado imeshikwa na kerneli, kiini cha Linux, kwenye kumbukumbu, haikuhitaji tena amri ya route. Siku kadhaa baadaye umeme ukakatika, seva ikazima, na ilipowaka mstari ule haukupata amri ya kuita. Tawi zima likakosa mfumo, na hakuna aliyekumbuka kwamba mimi niligusa kitu wiki ile. Mstari huo ubadilishe uwe "up ip route add" kabla hujafuta chochote.

Kwa hiyo usingoje umeme ukufanyie jaribio. Ukishaondoa pakeji, washa upya seva wewe mwenyewe, saa nne asubuhi siku ya kazi nyepesi, huku mtu wa Nansio akiwa amesimama mbele ya mashine yenye skrini na kibodi, simu sikioni. Usiku wa Ijumaa hapana kabisa.

Ukijaribu njia au anwani mpya kutoka mbali, andika kwanza shutdown -r +10. Mabadiliko ya amri ya ip hayaandikwi kwenye diski, hivyo ukijifungia nje, baada ya dakika kumi seva itajiwasha upya na mpangilio wa zamani utarudi. Ukiona mambo yako sawa, shutdown -c inafuta agizo hilo. Ila ukishagusa faili la mpangilio lenyewe, kinga hii haikusaidii. Weka nakala ya faili pembeni.

Mwisho, kabla ya apt remove, amri ya kuondoa pakeji, endesha apt -s remove net-tools, ambayo inaigiza tu bila kufuta, usome orodha ya vitakavyoondoka pamoja nayo. Halafu apt download net-tools, na faili hilo la .deb, lenye pakeji nzima, libaki kwenye diski ya seva ya Nansio yenyewe, maana mtandao ukikatika hutaweza kulipakua.