Mguu kifundo kwa mtoto mchanga: kutoka plasta ya kwanza hadi viatu vya usiku

Mama mmoja aliingia kliniki na mtoto wa siku tisa kwenye khanga, nyayo zimetazamana kama anayepiga makofi kwa miguu. Swali lake la kwanza: "Dokta, nimkande na maji ya moto?" Mimi si daktari, ni mfiziotherapia, lakini jibu ni hapana. Mguu kifundo hautoki kwa kukandwa, na wala haukuletwa na jicho la mtu. Watu pia huuita matege. Siyo. Matege yako kwenye goti, hapa kilichopinda ni unyayo wenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha ni wenyewe. Shika unyayo taratibu, uupeleke nje. Ukifuata mkono wako wote bila kugoma, huenda mtoto alikunjamana tu tumboni. Ukigoma, kisigino kimepanda na ndani ya unyayo kuna mkunjo mkubwa, usisubiri akue. Mlete wiki hizo hizo za mwanzo. Aliyechelewa naye aje, bado anatibika.

Hatua ya 2: Plasta kila wiki. Njia tunayotumia ni ya Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani. Kwa kawaida plasta huwa tano hadi saba, na kila moja inaupeleka unyayo mbele kidogo.

Plasta ya kwanza huwatisha wazazi, kwa sababu tunaanza kwa kuinua upande wa kidole gumba, na mguu unaonekana kama umepinda zaidi. Vumilia. Baada ya hapo kidole changu kimoja hukaa juu ya kijifupa kinachochomoza mbele ya kifundo, upande wa nje. Hicho ndicho egemeo. Mkono mwingine unaupeleka unyayo nje, na kisigino hakiguswi, kitafuata chenyewe. Anayelazimisha unyayo uinuke juu mapema huuvunja katikati, chini ukawa kama tumbo la mtumbwi. Kurekebisha hapo ni kazi ngumu kuliko tatizo la mwanzo.

Hogo, yaani hiyo plasta, linafika pajani, goti limekunjwa. Likiishia chini ya goti, mtoto atalivua kama soksi.

Nyumbani kazi yako ni vidole. Bonyeza kidole gumba kiwe cheupe, uachie: wekundu urudi papo hapo. Vidole vikiwa vya bluu, vya baridi, vimevimba, au vimezama ndani ya plasta, njoo siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.

Hatua ya 3: Kano ya kisigino. Watoto wengi hufika hapa unyayo umeshanyooka lakini kisigino bado kiko juu. Tunachoma ganzi, daktari anaikata kano kwa kikisu chembamba, shimo dogo lisilohitaji hata nyuzi. Kisha plasta ya mwisho, wiki tatu, kano iunge ikiwa ndefu zaidi.

Hatua ya 4: Viatu vya chuma. Ugonjwa unashindwa hapa au unarudi hapa. Ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, upana wa mabega ya mtoto. Mguu uliotibiwa unaelekea nje nyuzi 60 hadi 70, mzima nyuzi 30 hadi 40. Ndiyo, na ule mzima unavaa. Vile vya ngozi na chuma tunavyovalisha sana huku kwetu asili yake ni Uganda, kazi ya Michiel Steenbeek, na fundi wa karakana ya hospitali anavitengeneza.

Miezi mitatu ya kwanza ni saa 23 kwa siku, unavua kwa kuoga tu. Kisha usiku na usingizi wa mchana, mpaka miaka minne au mitano.

Mvalishe soksi za pamba. Sukuma kisigino mpaka chini, ukione kwenye tundu la nyuma, ndipo ufunge mkanda wa katikati kwanza. Malengelenge mara nyingi ni ya kiatu kilicholegea, siyo kilichobana. Usipake mafuta mahali pekundu. Atalia siku mbili tatu. Shika chuma, umchezeshe miguu yote miwili kwa pamoja, ajue inaenda pamoja.

Yule wa khanga alirudi akiwa na miaka miwili, anakanyagia ukingo wa nje. "Alipoanza kutembea nikaona kapona," mama akasema, "viatu bibi yake akavitundika ukutani." Sikumgombeza, maana anayeamka saa nane usiku na kilio ni yeye. Tulirudia plasta, tukaanza viatu upya. Angekuwa mkubwa zaidi pengine ingebidi ahamishiwe kano ya mbele ya mguu, na huo sasa ni upasuaji.

Vidole vikianza kujikunja kupita ukingo wa kiatu, usingoje tarehe ya kliniki. Mlete na viatu vyake, tubadilishe saizi.